Jina Lililotoka Ngomeni: Wamazrui na Safari ya Jina Lao

(Mazungumzo haya yalitolewa Mji wa Kale, Mombasa, mbele ya wazee na vijana. Yameandikwa hapa karibu kama yalivyosemwa.)

Assalaam alaikum warahmatullah. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango ili iwe rahisi kuchomoka, karibuni nyote.

Nimetakiwa nizungumze juu ya majina ya koo za Mombasa. Kazi hiyo haiishi jioni moja. Kuna Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa mji huu, Tatu na Tisa: Wakilindini, Wachangamwe, Watangana, Wamvita, Wajomvu na wenzao, na kila taifa lina mbari zake. Kuna Wahadhrami na majina yao yanayoanza na Ba: Bajaber, Bawazir, Balala. Kuna Wabalushi waliokuja wakiwa askari wa masultani wakabaki wakawa jirani zetu. Kuna masharifu, ambao nasaba zao zimetunzwa kuliko za sisi wengine wote tukijumlishwa. Nikisema nimguse kila mmoja, nusu ya ukumbi itaudhika na nusu itasinzia. Basi nimechagua jina moja, Mazrui, kwa kuwa tarehe zake zinajulikana, na kwa kuwa wengi wenu mnapita karibu nalo kila siku: makaburi ya ukoo huo yako palepale jirani na ngome ya Fort Jesus.

Mimi si Mmazrui, wala simdai Mmazrui shamba. Nikisifu sijisifu, na nikikosoa hakuna kesi ya urithi nyuma yake.

Watu wengi hudhani jina hili limeenea kwa sababu wenyewe walitawala. Mimi naliona kinyume. Walipokuwa watawala, jina lilikaa ndani ya kuta za ngome. Lilienea waliponyang'anywa ngome. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na mzee asiyekubali atanirekebisha baadaye. Najua yupo, namwona anatabasamu.

Tuanze Oman. Mazrui ni jina la kabila la huko. Fort Jesus ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593, na Waomani waliizingira tangu Machi 1696 mpaka Desemba 1698, miezi thelathini na tatu ya njaa na maradhi, ndipo ikaanguka mikononi mwao. Imamu wa Oman wakati ule alikuwa wa nasaba ya Yaarubi. Ngome ikishatekwa lazima iwe na mtu wa kuilinda na kukusanya ushuru, na miongoni mwa maofisa wa mwanzo tunalikuta jina la Nasir bin Abdallah al-Mazrui. Kisha mambo yakavurugika. Wareno walirudi mwaka 1728, na mwaka uliofuata watu wa Mombasa wenyewe waliinuka wakawafukuza. Katika miaka ya 1730 Imamu akamteua Muhammad bin Uthman al-Mazrui kuwa liwali, yaani gavana wa Mombasa.

Naomba tusimame kidogo kwenye neno hilo, kuteuliwa. Muhammad bin Uthman alikuwa mtumishi. Aliletwa kwa barua na angeweza kuondolewa kwa barua. Laiti mambo ya Oman yangetulia, pengine angemaliza kazi yake akarudi kwao, na leo jina Mazrui tungelikuta katika mstari mmoja wa kitabu cha historia, basi.

Lakini Oman haikutulia. Yaarubi walianguka, na gavana wa mji wa Suhar, Ahmad bin Said al-Busaidi, akashika uimamu katika miaka ya 1740. Muhammad bin Uthman akapiga hesabu yake: kama gavana wa Suhar amejitwalia Oman, gavana wa Mombasa ana kosa gani akijitwalia Mombasa? Akakataa kumtambua Imamu mpya. Imamu akatuma watu, wakajifanya wamegombana naye na wamekimbilia hapa, wakamuua Muhammad mumo humo ngomeni. Nduguye, Ali bin Uthman, alikamatwa, akatoroka, akarudi na watu wa Mombasa nyuma yake, akaichukua ngome.

Mkitafuta siku jina lilipogeuka, ni hiyo. Kabla yake Mazrui alikuwa mtu wa Imamu. Baada yake akawa mtu wa Mombasa, kwa sababu waliomrudisha hawakutoka Oman. Walitoka Mvita na Kilindini. Tangu hapo mpaka 1837 kila liwali wa Mombasa alikuwa Mmazrui, na kila mmoja alijua kwamba bila Thenashara Taifa na bila marafiki zao wa bara, Wadigo, Waduruma, Wagiriama na wengineo ambao leo tunawaita Mijikenda, hamalizi wiki.

Wenyewe walikuwa wachache. Ukoo mchache ukitawala mji wa watu wengi una njia mbili, vita au ndoa, na hawa walitumia zote. Walioa hapa. Watoto wakalelewa na mama wa Kimvita, wakaimbiwa Kimvita, wakagombana barabarani kwa Kimvita. Ilipofika zama za Muyaka bin Haji, mshairi wetu mkubwa, Wamazrui walikuwa wanatetewa kwa mashairi ya Kiswahili dhidi ya sultani ambaye kwa nasaba ni Mwomani mwenzao. Jina lilibaki la Kiomani, na mengine yote yakawa ya hapa.

Nje ya kisiwa, enzi hizo jina lilifika hasa Pemba, ambayo Wamazrui waliishika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1820. Ukienda Chwaka, karibu na Tumbe, utayakuta makaburi yao kwenye magofu. Walijaribu kufika Lamu pia, pamoja na watu wa Pate, wakapigwa ufukweni Shela karibu mwaka 1812. Kushindwa huko kuliwagharimu, maana watu wa Lamu walikwenda kuomba ulinzi kwa Seyyid Said, mtawala wa Oman, na Seyyid Said alikuwa anaitafuta sababu kama hiyo.

Kwa hofu ya huyohuyo Seyyid Said, Wamazrui walipandisha bendera ya Uingereza. Mwaka 1824 Kapteni William Owen aliingia bandarini, akakubali, akamwacha Luteni James Reitz asimamie. Reitz alifariki mwaka huohuo, kabla hajazoea hata jua letu. Serikali yake ikaukataa mpango mzima, na 1826 bendera ikashuka. Sasa nawauliza vijana wa Changamwe: nyumbani kwenu kunaitwaje? Port Reitz. Kijana aliyekaa miezi michache ameachiwa hori zima, na watawala wa miaka mia moja wameachiwa makaburi. Majina hayana uadilifu, msiyatafutie.

Sasa 1837. Wamazrui waligawanyika wenyewe kwa wenyewe juu ya nani awe liwali, na Seyyid Said hakuhitaji zaidi ya hapo. Aliingia ngomeni, na baada ya muda mfupi wakubwa wa ukoo wakaitwa, wakakamatwa, wakapakiwa merikebuni kupelekwa kifungoni Bandar Abbas, ng'ambo ya pili ya bahari. Waliobaki wakakimbia. Wengine walishika njia ya kaskazini wakaweka makao Takaungu, wengine walikwenda kusini Gazi. Kila upande ni mwendo wa kilomita 50 hivi kutoka tulipokaa.

Hapa ndipo jina lilipoanza kuenea, na nataka mlione lilivyoenea, kwa sababu watu wanapenda kusimulia habari za ngome na kuziruka za Takaungu.

Ngomeni, Mmazrui alikuwa liwali, mtoto wa liwali, au mpwa anayesubiri. Takaungu hakukuwa na ushuru wa bandari ya kugawana. Kulikuwa na ardhi. Wakalima mtama na mahindi, mashamba makubwa, nafaka ikapakiwa majahazini kwenda Uarabuni. Mashamba yale yalilimwa na watumwa, tuseme lilivyo. Na kandokando yao walikaa Wagiriama, waliofanya nao biashara na wakaozana nao. Gazi vilevile, jirani wakiwa Wadigo. Ukikaa namna hiyo vizazi viwili vitatu, jina lako linakuwa na watu wa namna nyingi. Yupo aliyelipata kwa baba. Yupo ambaye bibi yake ni Mdigo na babu yake ni Mmazrui, anaongea Kidigo nyumbani na anaandikwa Mazrui kwa kadhi. Na yupo ambaye babu yake alikuwa mtumwa wa nyumba ya Mmazrui, akaachwa huru.

Huyo wa tatu huwa hatumtaji harusini. Lakini sheria yetu wenyewe inamtaja. Mtu akimwacha mtumwa huru, baina yao unabaki uhusiano unaoitwa walaa, na aliyeachwa huweza kunasibishwa na ukoo wa aliyemwacha. Utumwa kama hali ya kisheria ulifutwa kwenye pwani ya Kenya mwaka 1907. Watu waliokuwa wakitambulikana kwa nyumba fulani hawakuamka asubuhi ya pili wakiwa hawana pa kutambulikana. Waliendelea kuitwa wa nyumba ile. Wajukuu zao wakaenda chuoni, wakaajiriwa, wakaandikwa. Kwa hivyo ukikutana na mtu wa pwani mwenye jina la ukoo mkubwa, uwe Mazrui, uwe Busaidi, uwe ukoo wowote uliokuwa na mashamba, hujui bado alilipata kwa mlango gani, na kumwuliza mbele za watu ni utovu wa adabu. Nimewahi kuona posa ikivunjika kwa swali hilo. Waliovunja walikuwa na uhakika sana na nasaba yao wenyewe. Mimi nisingekuwa na uhakika huo.

Waingereza nao walichangia. Chini ya utawala wao, aliyeandikwa Mwarabu alikuwa na haki ambazo aliyeandikwa mwenyeji hakuwa nazo: katika kodi, katika kipande, baadaye katika kura. Unapomwambia mtu kwamba neno moja mwishoni mwa jina lake litampunguzia kodi, usishangae akilikumbuka. Nisba, yale majina ya asili ya mwishoni, zilizokuwa zimelala vizazi kadhaa ziliamka. Siwalaumu. Karani ndiye aliyeuliza.

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1895, kwa sababu kuna kisa hapo kinachoonyesha jina lilivyokwisha kuwa kubwa kupita kiasi. Liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki. Mrithi ni nani? Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikiendesha pwani ilimtaka mwanawe, Rashid bin Salim. Wengine katika ukoo walimtaka Mbaruk bin Rashid. Mbaruk akakataa kushindwa, akaenda kutafuta msaada kwa jamaa yake wa Gazi, mzee aliyekuwa amepigana na masultani tangu ujana wake. Na mzee huyo jina lake nani? Mbaruk bin Rashid.

Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Takaungu, na Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi. Jina la mtu, la baba na la ukoo, yote sawasawa, na vita ni vimoja. Maofisa wa Kiingereza walioandika ripoti za vita vile walilazimika kuongeza jina la mji, au kusema mkubwa na mdogo, ili wakubwa wao London wasidhani mtu mmoja anapigana mahali pawili. Ikiwa jina la ukoo kazi yake ni kumtenga mtu na wengine, hapo lilikuwa halifanyi kazi tena. Mahali ndipo palipofanya kazi hiyo, na mpaka leo ukisikia wazee wanazungumza, hawasemi Mmazrui tu. Wanasema Mazrui wa Takaungu, Mazrui wa Gazi, Mazrui wa hapa mjini.

Vita vyenyewe mnavijua. Ngome ya Mbaruk wa Gazi huko Mweli ilitekwa na wanamaji wa Kiingereza tarehe 17 Agosti 1895. Vita havikuisha, wakaletwa askari kutoka India. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka akaingia upande wa Wajerumani, na mamia ya wafuasi, na hakurudi. Alifariki Dar es Salaam mwaka 1910. Kwa hivyo ukikutana na jina hili Tanzania bara, usiseme mara moja kwamba limetoka Pemba. Huenda limevuka na Mbaruk. Na ngome iliyoanzisha yote haya, mwaka uleule wa 1895 Waingereza waliifanya jela.

Ardhi ya Takaungu ina hadithi yake ndefu: serikali ya kikoloni iliiwekea sheria ya amana kwa jina la ukoo, Bunge likaifuta sheria hiyo mwaka 1989, na mambo yakaenda mahakamani. Siingii huko. Nataja tu mpate kuona kwamba jina la ukoo kwetu si pambo, linaweza kuwa hati ya shamba.

Baada ya upanga, kalamu. Sheikh Al-Amin bin Ali al-Mazrui alizaliwa Mombasa 1891, miaka michache kabla ya vita vile. Mwaka 1930 alianza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, na 1932 gazeti la Al-Islah, akiwahimiza Waislamu wa pwani juu ya elimu. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu, mpaka alipofariki 1947. Yeye ndiye aliyekaa akaandika historia ya ukoo wake kwa Kiarabu, na mengi tunayoyasimulia leo tunayapata kwake, tukitaka tusitake, kwa hivyo tukumbuke kwamba tunaisikia habari upande wa wenyewe. Mwanafunzi na jamaa yake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye akawa Kadhi Mkuu katika miaka ya mwanzo ya uhuru.

Na mtoto wa Sheikh Al-Amin ni yule ambaye hata vijana wa mlangoni mnamjua, Profesa Ali Mazrui. Alizaliwa hapa 1933, akasoma Manchester, New York na Oxford, akafundisha Makerere mpaka utawala wa Idi Amin ulipomfanya aondoke, kisha Michigan, kisha Binghamton. Alifariki Marekani Oktoba 2014, na maiti yake ikaletwa kuzikwa hapa, kwenye yale makaburi niliyoyataja. Kwa watu wengi duniani, Mazrui ni mtu mmoja, ni yeye. Hawajui kwamba kuna wengine, wala kwamba kulikuwa na ngome.

Hapo nimeulizwa kitu na kijana mmoja kabla hatujaanza, na nilimwambia asubiri. Ameuliza kama Mazraoui, yule beki wa Morocco anayecheza Manchester United, ni wetu. Hapana, mwanangu. Kwa herufi za Kilatini yanafanana, lakini kwa Kiarabu ni jina jingine. La kwetu lina herufi ya ain ndani yake, la kwake halina. Na Al Mazrouei wa Abu Dhabi, kama yule waziri wa nishati wa Falme za Kiarabu? Hapo jina ni lilelile, limeandikwa kwa mtindo wa Ghuba. Wamazrui wa huko ni sehemu ya kabila la Bani Yas. Ila jina moja halithibitishi mti mmoja, basi ukienda Abu Dhabi kutafuta kazi usimkimbilie mtu ukamwita ami.

Tahajia hizi zinawasumbua watu hapahapa. Najua nyumba moja ya ndugu wa baba mmoja na mama mmoja: wa kwanza pasipoti yake inasema Mazrui, wa pili Almazrui kwa neno moja, wa tatu aliyekwenda kuishi Ghuba ni Al Mazroui. Wa nne hana kabisa, kwa sababu kitambulisho chetu huandikwa jina lake, la baba na la babu, na nafasi ikaishia hapo. Watoto wa huyo wa nne hawatakuwa nalo kwenye karatasi yoyote, na ndiye anayekaa kwenye nyumba ya ukoo.

Jina pia limerudi lilikotoka. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika Oman mwaka 1970, familia nyingi za pwani zenye asili ya huko zilihamia Maskati. Zilifika na majina ya Kiomani na lugha ya Kiswahili, na wenyeji wakaziita Wazanzibari, hata waliokuwa hawajawahi kukanyaga Unguja. Miaka mia tatu nyuma mtu alikuja hapa akaitwa Mwomani. Mjukuu wa mjukuu wake amerudi Oman anaitwa mtu wa huku.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kuna swali moja limeandikwa kwenye karatasi, la dada aliyekaa kule kwa akina mama: yeye ni Mmazrui kwa baba, ameolewa na mtu wa Kilindini, je, watoto wake wanaweza kulitumia jina?

Wewe mwenyewe, dada, utabaki nalo. Kwa mila yetu mke hachukui jina la mume, na hata kaburini utaandikwa bint ya baba yako. Watoto ni wa baba yao, na Kilindini si jina la kuonewa haya. Hao ni watu wa kale wa mji huu. Ila kama unataka wajue, usingoje kitambulisho kiwaambie. Hati ya nikaha ya bibi yako ipo? Waraka wa wakfu, barua ya kadhi, hata kadi ya harusi ya zamani yenye majina mpaka ya babu wa tatu? Itoe kabatini, ipigwe picha pande zote mbili, na nyuma yake andika nani ni nani, maana baada yako hakuna atakayejua yule Rashid ni Rashid wa wapi.